Usipime Deni Peke Yake, Pima na Kusubiri

Hotuba kwa wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita, Muheza, mkoani Tanga. Naiweka kamili kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazazi wangu, walimu, viongozi wa dini mliokaa hapa mbele, na nyinyi wadogo zangu mnaosubiri matokeo: nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu siku ya leo.

Nimeitwa kwa sababu ya swali moja. Baba mmoja wa hapa alilitoa kwenye kikao cha wazazi, tena kwa uchungu. Alisema: "Binti yangu amesoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, anataka akasome fedha na benki. Je, nimwache aingie kwenye deni la milioni kumi na kitu, halafu arudi kukaa barazani na cheti chake?"

Swali hilo halistahili kujibiwa kwa maneno ya kutiana moyo. Linastahili hesabu. Mimi ni mhasibu, na kazi yangu kubwa ni kuandaa mishahara. Kila mwisho wa mwezi napita mstari kwa mstari: mshahara wa msingi, mfuko wa hifadhi, kodi, Bodi ya Mikopo, benki, SACCOS, na mwisho kabisa kile anachobaki nacho mtu mkononi. Kwa hiyo ninachowaambia leo nakitoa kwenye mistari hiyo.

Tuanze na deni lenyewe, maana wengi wetu tunaliogopa bila kulijua.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Anayekopa anapewa miezi 24 tangu amalize au aache masomo kabla ya kudaiwa marejesho. Akiajiriwa, mwajiri anamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka Bodi. Zamani ilikuwa asilimia 8, ikapandishwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Aliyejiajiri naye hajasamehewa: analipa asilimia 10 ya kipato chake, na kwa mwezi isipungue shilingi 100,000.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo hofu nyingi zinapotoka. Ninyi mna kaka, dada, au mjomba aliyesoma zamani na hadi leo analalamika kwamba analipa na deni halishuki. Anasema kweli! Enzi hizo kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, waliyoiita ya kutunza thamani ya mkopo. Namkumbuka mtumishi mmoja aliyekuja dirishani kwangu na slipu ya mshahara mkononi, ameikunja mara nne, ametia alama ya kalamu nyekundu kwenye mstari wa Bodi. Aliniuliza, "Nimekatwa mwaka mzima, mbona salio limeongezeka?" Tukakaa chini. Alikuwa anadaiwa milioni 10. Asilimia 6 ya milioni 10 ni 600,000 kwa mwaka, yaani 50,000 kila mwezi. Yeye wakati ule alikuwa anakatwa 40,000. Angelipaje deni linalokua kwa 50,000 huku yeye akilipunguza kwa 40,000? Alikuwa hana namna ya kulimaliza kwa makato yale.

Hali hiyo imekwisha. Siku ya Mei Mosi mwaka 2021, pale Mwanza, Rais Samia alitangaza kuifuta ile asilimia 6, na mwaka huohuo na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa ikaondolewa. Imebaki ada ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja. Ukikopa milioni 12 leo, utarudisha milioni 12 na laki moja na elfu ishirini. Basi. Deni halikui ukiwa chuoni wala ukiwa mtaani unatafuta kazi.

Kuna benki gani itakupa fedha kwa masharti hayo? Kuna kikoba gani? Hata majirani zetu wa Kenya, HELB yao inatoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Marekani mikopo ya wanafunzi ina riba, na sehemu kubwa yake inaanza kuhesabiwa kijana akiwa bado darasani. Nalisema hili kwa sababu vijana wetu wanatazama video za watu wa kule wakilia kwamba shahada imewafilisi, kisha wanakuja kuwaambia wazazi wao kwamba chuo hakina faida. Deni lao na deni lenu ni vitu viwili tofauti. Msibebe hofu ya mtu mwingine.

Basi, chukueni kalamu. Tupige hesabu pamoja.

Kozi ya fedha na benki kwa kawaida ni miaka mitatu. Tuseme ada ni 1,500,000 kwa mwaka; kila chuo kina yake, nachukua mfano. Fedha ya chakula na malazi, ile mnayoiita bumu, ni 10,000 kwa siku, inatoka kwa mafungu ya siku 60, kwa hiyo 600,000 kila fungu. Mafungu manne ni 2,400,000. Weka vitabu na viandikwa 200,000. Mwaka mmoja umefika 4,100,000. Miaka mitatu ni 12,300,000. Ongeza asilimia 1, inakuwa 12,423,000.

Hapo nimechukulia amepewa kila kitu. Wengi wa masomo ya biashara hawapewi kila kitu. Kozi hizi haziko mstari wa mbele kwenye vipaumbele vya Bodi kama udaktari, ualimu wa sayansi na uhandisi, na Bodi inapima pia uwezo wa familia. Mzazi, usipange maisha yako kwa kudhani ada yote italipwa.

Haya, kijana amemaliza, amepata kazi. Tuseme mshahara wa msingi ni 900,000. Wapo wanaoanza chini ya hapo, wapo wanaoanza juu. Mfuko wa hifadhi asilimia 10, imetoka 90,000. Kinachobaki kutozwa kodi ni 810,000, na kodi yake ni 80,500. Bodi asilimia 15 ya 900,000 ni 135,000. Mkononi anabaki na 594,500.

Andikeni hiyo namba: 594,500. Binti atakapopiga simu nyumbani kusema "nimepata kazi ya laki tisa", mjue kwamba kinachofika mkononi ni chini ya laki sita, kabla ya kodi ya chumba na nauli. Wazazi wangu, nawaomba mlijue hili mapema, kwa sababu nimeona familia zikigombana. Baba anadhani mtoto amekuwa mchoyo, kumbe mtoto ana laki tano na kitu, na wadogo zake watatu wanamtegemea.

Kwa makato hayo ya 135,000, deni la 12,423,000 linaisha baada ya kama miezi 92, yaani miaka 7 na miezi 8. Mshahara ukipanda hadi milioni moja na nusu, makato yanakuwa 225,000 na muda unapungua sana. Deni likiisha, hata kama mshahara haujapanda, mkononi anabaki na 729,500.

Je, hapo shahada imelipa? Bado hatujui. Hatujaweka upande wa pili wa mizani.

Upande wa pili yupo kijana mwenzake ambaye hakwenda chuo. Tuseme ni wakala wa fedha za simu pale stendi, na baada ya gharama zake anabaki na 350,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ambayo mwenzake yuko darasani, yeye ameingiza 12,600,000. Mnaiona? Fedha ambayo mwanachuo ameikosa kwa kukaa darasani ni kubwa kidogo kuliko deni lenyewe la Bodi! Hakuna mtu anayeiandikia barua ya kuidai, ndiyo maana hatuihesabu. Lakini ni gharama, tena gharama halisi.

Sasa mwanachuo anapoanza kazi na 594,500, anamzidi wakala kwa 244,500 kila mwezi. Kufidia ile 12,600,000 atahitaji karibu miezi 52, miaka minne na miezi minne, na hapo makato ya Bodi tumeshayatoa. Kama asingekuwa na deni hata kidogo, kwa sababu labda mzazi ndiye aliyelipa kila kitu, angehitaji kama miezi 33. Kwa hiyo deni limemchelewesha kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Linauma, sikatai. Lakini linabebeka.

Halafu tazameni kinachotokea akikaa miaka miwili bila kazi. Miezi 24 mingine ambayo mwenzake anaingiza 350,000, hiyo ni 8,400,000. Ongeza kwenye 12,600,000, pengo limekuwa 21,000,000. Kulifidia atahitaji miezi 86, zaidi ya miaka saba, kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Deni lilimwongezea kama miezi 18. Kusubiri kumemwongezea 34, na bado hujahesabu ile miezi 24 yenyewe aliyokaa bila kitu.

Ndilo jibu langu kwa yule baba. Umemwuliza binti atadaiwa kiasi gani. Muulize pia: utasubiri muda gani, na unafanya nini tangu mwaka wa kwanza ili usisubiri?

Nitawasimulia habari ya wasichana wawili. Chuo kimoja, kozi moja, mkopo wa kiwango kilekile. Wa kwanza alikuwa na akili sana darasani, ufaulu wake ulikuwa wa juu. Likizo alikuwa anarudi nyumbani kupumzika na kumsaidia mama. Wa pili alikuwa wa kawaida kimasomo. Likizo ndefu ya kwanza alikwenda kwenye SACCOS ya wakulima karibu na kwao, akaomba afanye kazi bila malipo. Walimpa kazi ya kupanga vocha za malipo. Alikuwa na kaunta buku, nimeliona kwa macho yangu: kila siku ameandika alichofanya, na kurasa za katikati amenakili kwa mkono usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki, mwezi hadi mwezi, pale namba zisipolingana amezungushia duara na pembeni ameandika sababu. "Hundi haijawasilishwa." "Makato ya benki hayajaingizwa kitabuni." Likizo iliyofuata alirudi. Muda wa mafunzo kwa vitendo ulipofika, wenzake wanahangaika na barua za kuomba nafasi, yeye alikuwa na mahali.

Alipomaliza, ile SACCOS ilimpa mkataba wa 400,000. Fedha ndogo, na wapo waliomcheka. Haukupita muda mrefu taasisi moja ya mikopo midogo ikamchukua kwa zaidi ya maradufu, kwa sababu kwenye usaili walimwekea karatasi mbili, kitabu cha fedha na taarifa ya benki, wakamwambia asuluhishe. Alisuluhisha. Mwenzake mwenye ufaulu mkubwa alikaa nyumbani akituma barua kwenye mabenki makubwa mawili tu. Sisemi alikuwa mvivu. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya fedha ni pana kuliko dirisha la benki.

Nanyi nani amewaambia? Kijana akisema "nasoma fedha", picha inayotujia ni tai na kaunta ya benki. Lakini lile dirisha la benki ndilo linalopungua kazi. Mnaweka na kutoa fedha wapi siku hizi? Kwa wakala, kwenye simu. Foleni iliyokuwa ikimpa keshia kazi imehamia kwenye kibanda cha stendi. Kazi zipo kwenye kukadiria nani akopeshwe, kwenye ukaguzi, kwenye bima, kwenye SACCOS na taasisi za mikopo midogo, ambazo tangu sheria ya mwaka 2018 zinatakiwa kuwa na leseni, na hesabu zake ziwe zinaeleweka. Zipo kwenye halmashauri, kwenye hospitali, kwenye viwanda vya mkonge hapa Tanga. Kila mahali panapotoka na kuingia fedha pana mtu anayeziandika.

Na kuna jambo la vyeti vya taaluma. Shahada peke yake, mkononi mwa watu wengi wenye shahada kama hiyo, haikutofautishi. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi, NBAA, inafanya mitihani mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu cha NBAA, anaitwa meza nyingine kabisa, na makampuni ya ukaguzi yanamtafuta. Upande wa benki kuna cheti cha Taasisi ya Mabenki. Kabla hujajaza fomu ya chuo, nenda kaulize: kozi hii nikimaliza nitaanzia ngazi gani kwenye mitihani ya NBAA? Wapo waliochagua fedha na benki kwa sababu jina linavutia, na baadaye wakagundua kwamba uhasibu ungewafikisha haraka zaidi kule walikotaka kwenda. IFM, TIA, Chuo cha Uhasibu Arusha, CBE, Mzumbe, vyote vina kozi zinazokaribiana majina. Msichague kwa jina.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia uchungu kuliko yote.

Deni la Bodi tumeliona. Halizai. Yanayoziangusha familia ni madeni yanayozunguka shahada. Mzee mmoja, mkulima wa machungwa, mtu wa bidii, mwanawe alipata asilimia ndogo ya ada kutoka Bodi. Muda wa usajili ulipokaribia, mzee aliuza machungwa yakiwa bado maua mtini. Mnunuzi alimpa alichompa, maana mwenye shida hapangi bei. Msimu ulipofika, malori yalipakia mzigo mbele yake na hakuwa na haki hata ya tenga moja. Mwaka wa pili hakuwa na cha kuuza, akaenda kwa hawa wakopeshaji wa riba kubwa, wa kausha damu. Alikopa laki tano, na mwisho wa habari walichukua televisheni, godoro na cherehani ya mkewe.

Mtoto hakujua. Alikuwa chuoni, na bumu lilipoingia alinunua simu mpya. Angejua, asingeinunua, namfahamu. Hawakuwahi kukaa pamoja wakaambiana ukweli wa fedha za nyumba yao. Wazazi, kwa nini tunaficha? Kama ada itapungua laki sita, mwambieni mtoto laki sita zinatoka wapi. Fungu moja la bumu likipangwa vizuri linaweza kuokoa shamba. Na vyuo vingi vinakubali ada kulipwa kwa awamu, mtu akienda kuomba mapema badala ya kungoja kuzuiwa chumba cha mtihani.

Upande wa vijana, mtego uko kwenye mshahara wa kwanza. Nimewaona. Miezi mitatu ya kazi, anakuja kuomba barua ya kuthibitisha mshahara ili akope. Anataka gari, au sherehe. Ana 594,500 mkononi, na benki inamkata 250,000 kwa miaka sita. Anabaki na 344,500. Rudini kwenye hesabu yetu: wakala wa stendi ana 350,000! Kijana amesoma miaka mitatu, amebeba deni la milioni 12, na kwa saini moja amerudi chini ya mahali ambapo angekuwa bila kusoma. Kwa watumishi wa umma sheria inazuia mtu asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara, lakini theluthi ni ukuta wa mwisho, na wengi wanajibana kwenye ukuta huo kwa miaka.

Kama ni lazima ukope mwaka wa kwanza wa kazi, kopa ada ya mtihani wa NBAA. Hiyo itakuongezea mshahara.

Na msifikiri mnaweza kulikimbia deni la Bodi kwa kunyamaza. Wasiolipa taarifa zao zinafikishwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na mdhamini aliyesaini fomu anatafutwa. Kwa anayetafuta kazi ya fedha hili ni zito mara mbili: nani atamkabidhi sanduku mtu ambaye rekodi yake inasema halipi? Ukikosa kazi, nenda ofisi ya Bodi ueleze hali yako. Uwe na karatasi inayoonyesha kwamba ulikwenda.

Kwa hiyo mzee wangu uliyeuliza, na najua uko hapa: kama binti anaipenda kazi ya hesabu, amejua kozi yake inampeleka kwenye cheti gani, yuko tayari kukaa SACCOS likizo bila malipo, na nyumbani mmeshapanga ada itakayopungua itatoka wapi bila kuuza maua, mruhusu akope. Namaanisha hivyo kwa moyo wote. Kama anakwenda kwa sababu wenzake wanakwenda, mwache afanye kazi mwaka mmoja kwanza, hata kwa wakala, aone fedha inavyotembea. Chuo kitamngoja.

Fomu ya Bodi inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na hapo ndipo wengi wanakwama kila mwaka kwa kuchelewa. Anzeni wiki hii. Ambao cheti kina jina tofauti na la shuleni, msiondoke kabla hatujaonana, nitakaa na mwalimu wa taaluma pale mezani mpaka wa mwisho. Wenye maswali tuanze na akina mama wa nyuma, mama mwenye kitenge cha bluu uliinua mkono tangu tulipokuwa kwenye bumu, karibu.